Moshi wa Pikapu ya Bethwel

Asubuhi huku Sigowet huanza na maziwa. Kabla jua halijapanda, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, na sisi akina mama tumesimama kando ya barabara na mitungi yetu. Tangu Mungu alipomchukua baba wa watoto wangu, maziwa ndiyo yananilisha. Kwa hiyo habari ya pikapu ya Bethwel naijua vizuri. Maziwa yangu yalikuwa ndani.

Ilikuwa mwaka wa 1997, kabla ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka. Bethwel ni jirani yangu. Mke wake ni Chepngeno, na binti yao Nelvine alikuwa darasa la tano. Kila asubuhi Bethwel alikusanya maziwa yetu, akayapeleka Kericho kwenye kituo cha kupoza maziwa. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Pikapu yake ilikuwa kuukuu, ya dizeli. Kabla hujaiona, ulikwisha kuuona moshi wake. Ulikuwa mweusi, mzito, umelala juu ya majani chai kama kwamba nyumba ya mtu inaungua. Watoto wa shule waliposikia mlio wake walikimbilia katikati ya majani chai, wakaziba pua kwa sweta.

"Nelvine, baba yako anakuja kutupikia!" walimcheka.

Nelvine alijificha pamoja nao. Hakutaka baba yake amwone.

Jioni moja Chepngeno alimwambia mumewe, "Baba Nelvine, huo moshi umezidi. Mtoto anakohoa."

"Moshi ni nguvu, mama," Bethwel akajibu. "Gari bila moshi itapandaje milima yetu? Na sisi tulianza kuogopa moshi lini? Kibuyu cha mursik unakisafisha na nini? Si ni kijinga cha senetwet?"

Ni kweli. Huku kwetu, kabla ya kutia maziwa ya mursik, yale tunayogandisha, kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa senetwet. Maziwa hunukia vizuri na hukaa siku nyingi.

Chepngeno akamtazama. "Senetwet naujua. Naukata mwenyewe. Huo moshi wa gari yako ni wa mti gani?"

Bethwel alicheka, akainua kikombe cha chai.

Kulikuwa na jambo jingine. Bethwel alikuwa akichanganya dizeli na mafuta ya taa. Siku hizo wenye magari wengi walifanya hivyo, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini. Walidhani wanaokoa.

Basi chifu akaita baraza. Alikuja na polisi wa barabarani. Polisi akasema, "Sheria ya moshi si mpya. Ilikuwa imelala, sasa imeamka. Gari tukiipata inatoa moshi mwingi, tunang'oa namba. Hairudi barabarani mpaka itengenezwe na ikaguliwe."

Bethwel alimnong'onezea mtu wa karibu, "Hayo ni ya Nairobi. Hapa nani atapima moshi?"

Jumatatu iliyofuata alisimamishwa Kapsoit, njiani kwenda Kericho.

"Mzee, kanyaga mafuta kidogo," afande akamwambia, akiwa amesimama nyuma ya gari.

Bethwel akakanyaga. Moshi ukatoka, ukamfunika afande na kofia yake nyeupe.

"Mzee! Umenipaka masizi kama sufuria!" Afande akachukua bisibisi.

"Afande, tafadhali, nimebeba maziwa ya wajane!"

"Ungewahurumia wajane kabla hujawasha hii kitu."

Namba ikang'olewa. Mpaka Bethwel apate gari lingine la kubeba ile mitungi, jua lilikuwa limekwisha kuchoma. Kituoni maziwa yakakataliwa. Yalirudi kwetu yameganda, tukayamwagia mbwa na nguruwe. Chepngeno alipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Kwangu alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Ingia mwanangu. Mungu hajalala."

Lakini kikundi chetu cha akina mama wa maziwa kilikutana. Mama Chepkurui, mwenyekiti wetu, hana maneno mengi. "Bethwel," akasema, "tunakupenda, lakini ng'ombe hangoji fundi. Mwezi ukiisha hujarudi barabarani, tutatafuta mtu mwingine."

Bethwel aliondoka ameinamisha kichwa.

Kesho yake alirudi kutoka Kericho ana uso wa furaha. "Mama Nelvine, nimepata dawa! Kuna bwana anauza gari imetoka Japani. Ni ya petroli. Haitoi moshi hata wa sigara! Nampa pikapu na mitamba wetu wawili, ananipa gari."

"Mitamba wawili?" Chepngeno akauliza. "Na wakienda, baadaye sisi tutakamua nini? Ngoja kwanza. Tumwite Fundi Ogola aione."

"Nisaidiwe kununua gari kama mtoto?"

"Ulipooa hukuja peke yako. Ulikuja na wazee. Sasa gari ndiyo utaendea peke yako?"

Bethwel akaenda kumwita Ogola.

Ogola alikuwa fundi katika gereji ya shamba moja la chai. Kwao ni upande wa ziwa, lakini tunasali kanisa moja, naye ndiye hutuongoza kuimba. Jumamosi walikwenda naye Kericho. Ogola alizunguka lile gari, akainama, akachungulia chini.

"Ni gari nzuri," akasema. "Lakini Baba Nelvine, swali la kwanza la mnunuzi si rangi. Uliza: hii gari inataka mafuta gani, na hayo mafuta nitayapata wapi?"

"Si petroli? Iko kila mahali."

"Sikiliza. Kule Japani sheria ya moshi ni kali. Kwa hivyo hii gari imefungwa chombo kwenye ekzosi, cha kusafisha moshi. Hicho chombo kinataka petroli isiyotiwa risasi."

Bethwel akashtuka. "Risasi ya bunduki?"

Ogola akacheka. "Ni madini, ndugu. Ndiyo hayo hayo ya kutengeneza risasi. Petroli tunayouziwa huku bado imetiwa hayo madini. Ukiitumia, kile chombo kinaharibika. Halafu madini yanatoka na moshi, na huwezi kuyaona. Mtoto akiyavuta siku nyingi yanamdhuru, hata akili ya shule inapungua."

Chepngeno akashika kifua. "Kumbe usipoona moshi si kwamba hakuna kitu?"

"Ndivyo, mama. Tena hii gari iko chini. Mitungi ya Sigowet na matope yetu itaiua."

"Basi nifanye nini?" Bethwel akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Twende tuone ile yako."

Walirudi nyumbani. Ogola akawasha pikapu, akatazama nyuma. "Moshi wa gari husema," akawaambia. "Ukiwa wa buluu, injini imekwisha, inakula oili. Gari hiyo usinunue. Ukiwa mweusi kama huu, dizeli haiungui vizuri. Huo una dawa."

Akafungua filta ya hewa. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu, kama tofali. "Injini yako haipumui," akasema. Kisha akafungua nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Akamtazama Bethwel. "Unachanganya mafuta ya taa?"

Bethwel akakuna kichwa. "Kidogo tu."

"Dizeli ina utelezi. Inalainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa hayana utelezi huo. Yamekula nozeli zako. Kile ulichookoa kwenye tangi, injini imekilipa."

Chepngeno alisema polepole, "Ndiyo sababu taa yetu ilikuwa haina mafuta kila siku."

Hapo hata Bethwel alicheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

Ogola alibadilisha filta na nozeli, akapima pampu. Mtamba mmoja aliuzwa kwa kazi hiyo, mwingine akabaki zizini. Alipomaliza, Chepngeno alivua kitambaa chake cheupe cha kanisani, akakishika nyuma ya ekzosi.

"Mama, utakiharibu!" Bethwel akamwambia.

"Kanyaga!"

Bethwel akakanyaga. Kitambaa kilipata kivuli kidogo tu, kama alama ya kidole chenye majivu. Chepngeno akakiinua juu kama bendera.

Wiki ile gari lilikaguliwa, likapita. Namba ikarudishwa kabla mwezi haujaisha. Mama Chepkurui aliposikia alisema, "Kesho mitungi iko barabarani." Ni hayo tu, lakini alitabasamu.

Tangu siku hiyo Bethwel hununua dizeli tupu, bila mafuta ya taa. Kila Jumamosi hukung'uta filta. Hajazi mzigo kupita kiasi, maana gari likilemewa hutoa moshi. Na jambo la ajabu: anasema dizeli sasa inakwenda mbali zaidi, na milima anaipanda vizuri kuliko zamani.

Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa barabarani na mtungi wangu. Watoto walisikia mlio wa pikapu. Kwa mazoea wakakimbilia kwenye majani chai na kuziba pua. Nelvine peke yake alibaki katikati ya barabara, amesimama wima.

Pikapu ikaja. Nyuma yake tuliona kilima cha pili, chote, na majani chai yakimetameta kwa umande.

Mtoto mmoja akatoa kichwa. "Nelvine, leo baba yako hapiki?"

"Leo hapiki," Nelvine akajibu. Akainua mkono, akampungia baba yake.

Bethwel alisimamisha gari, akashuka kuchukua mtungi wangu.

"Kongoi, mama," akaniambia. Ndivyo tunavyosema asante.

"Usinishukuru mimi, mwanangu," nikamjibu. "Mshukuru Mungu. Halafu mshukuru yule aliyekataa usiende peke yako."