Mahona Aliyefutwa

Harufu ilianza adhuhuri, jua likiwa la utosi: jasho la kale na kidonda kilichooza. Advera alidhani panya amefia darini.

Alikuwa nyumbani kwake Mtendeni, akiandika msimbo wa tovuti ambamo watu wa Tabora walijaza kwa pamoja orodha ya wapagazi waliokufa katika njia ya misafara. Majina yalijirudia mno. Mahona, Mahona, tena Mahona. Advera akaiamuru programu ifute kila jina lililojirudia, bila kujiuliza kama walikuwa watu tofauti. Ikafuta.

Darini kitu kizito kikatuliwa. Pu!

"Mama Julieth," mumewe Kasimiri aliita kutoka sebuleni, "nani kanitwisha?"

Alimkuta ameinama, mikono imeshikilia kitu kisichoonekana, shati likididimia begani taratibu kana kwamba limelaliwa na gogo, mpaka ngozi ikachanika na damu ikaanza kumchuruzika kifuani, naye akilia bila kuthubutu kuachia.

Bi Ummy, mganga wa Ntalikwa, alifika na ubani wake.

"Shikamoo, bibi. Niokolee mume wangu."

"Marahaba. Nyamaza kwanza." Akamfukiza Kasimiri. "Wewe uliyempanda, nani?"

Sauti kavu ikatoka kinywani mwa Kasimiri. "Mahona. Nilifia njiani, mzigo ukiwa begani. Nilibakiwa na jina tu. Huyu mwanamke kanifuta."

"Akikurudisha?"

"Arudishe tuone."

Advera alikimbilia kompyuta, akawa anakosea herufi na kuanza upya, huku nyuma yake mifupa ya mumewe ikialika mmoja baada ya mwingine kama kuni mbichi motoni, mpaka tovuti ikarejesha orodha ya awali na akina Mahona wote wakarudi mahali pao.

"Umerudi," alinong'ona. "Jina lako hili hapa. Mwachie basi."

Sauti ikacheka polepole. "Nimeliona. Asante. Lakini mzigo nimeshautua, binti. Nani atautaka tena?"

Harufu ikaondoka. Bi Ummy akazima ubani, akafunga kikapu chake.

"Aliyekuwamo ametoka," alisema bila kumtazama Advera. "Alichokiacha sikiwezi."

Kasimiri hakufa. Paji lake sasa linakaribia magoti, na kila anapolishwa uji huuliza, "Mke wangu, kambi bado mbali?"

"Karibu," Advera humjibu.

"Hata jana ulisema karibu."