Alisahihisha, Hakujibu

Kiatu kilimkatikia dada mmoja mlangoni mwa soko, watu wanamsukuma huku na huku, gauni lake la njano limeshakwaruzwa na kila kapu. Fundi wa mageti alikuwa anapita na waya begani. Akachuchumaa bila kuombwa, akaanza kukifunga.

"We kaka, unanifunga kama geti?"

"Geti langu halifunguki ovyo, mrembo."

Akacheka. Namba ya simu ikatoka hapo hapo.

Tangu hapo simu hazikupoa. "Umekula, moshi wangu wa karakana?" "Nimeshiba sauti yako." Upuuzi mtupu, lakini mtamu.

Tatizo, mrembo alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na fundi shule aliiacha njiani. Akataka kumwonyesha kwamba naye yumo. Akamwandikia kwa Kiingereza kwamba anampenda, na kwamba yeye ni "more beautifuller" kuliko wanawake wote.

Mwalimu akafanya kile anachofanya kila siku na madaftari ya wanafunzi. Akaunakili ujumbe kwenye karatasi, akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ukiweka 'more', usiongeze 'er'. Sema 'more beautiful'. Jaribu tena!" Akapiga picha, akamrudishia huku anatabasamu. Kwake ulikuwa utani.

Picha ilifika simu ikiwa mkononi mwa fundi mwenzake, aliyeiazima amulike kwa tochi yake. Karakana nzima ikaangua kicheko.

"Shikamoo, Profesa!"

Fundi masikio yakamwaka moto. Kuanzia siku hiyo akipigiwa, hapokei.

Mwisho mwalimu akaja mwenyewe. Fundi kumwona tu, akashusha kofia ya kuchomelea usoni, na wala hakuna anachochomelea.

"Mpenzi, nilikuwa nakutania."

"Kukosea nilikosea, hilo limepita." Sauti ilitokea ndani ya kofia. "Nilikwambia nakupenda. Ukasahihisha. Hukujibu."

Aibu ikahamia kwa mwalimu, nzito, mafundi wote wameacha nyundo wanasikiliza.

"Nakupenda," akanong'ona.

"Profesa hajasikia!" mmoja akadakia.

Mwalimu akawageukia, macho yamelowa. "Nampenda! Mmesikia wote?"

Fundi akanyoosha mkono wenye masizi, na mwalimu akaushika hivyo hivyo.

"Haya, vua hiyo kofia nikuone."

"Ngoja kidogo," fundi akasema. "Bado nalia."