Gia ya Mtu Mwingine

Kioo cha kompyuta ya baiskeli kilisema gia ya nane.

Kwandu alikuwa gia ya tatu, tena anapanda mlima ulimi nje.

"Mashine gani hii?" alifoka. Akaigonga kwa kidole. Nane. Akabonyeza swichi, mnyororo ukahamia gia ya pili, akausikia kabisa. Kioo kikaruka hadi tisa.

Haikuwa siku ya upuuzi huo. Kati ya waendesha baiskeli arobaini walioondoka asubuhi pale boma la zamani, Biharamulo mjini, mmoja alibeba kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha. Ndani ya kadi mna picha ya Modestus akitoka makao makuu ya idara ya ujasusi. Modestus ndiye aliyemfundisha Kwandu kazi hii. Tangu masika anajifanya dereva wa Havyarimana, mfanyamagendo wa dhahabu na bunduki. Picha hiyo ikimfikia Havyarimana, Modestus hafiki kesho.

Kisikilizio kikakoroma sikioni.

"Kware, hapa Kituo." Sauti ya Philbert, mkuu wake, akimwita Kwandu kwa jina lake la kazi. "Umempata?"

"Bado."

"Havyarimana kashavuka mpaka. Yuko Murukulazo, pale mbio zinapoishia. Anasubiri mzigo."

"Simamisheni mbio. Tuwapekue wote."

"Akisikia mbio zimesimama atajua kuna jambo. Na kwenye gari lake kakaa na nani?"

Kwandu akakaza pedali. Alijua kakaa na Modestus.

Havyarimana hagusi simu. Simu ndiyo iliyomfunga kaka yake, basi habari zake zote husafiri mkono kwa mkono, na za maana huzipokea mwenyewe. Mshenzi yule, lakini mjinga siye.

Kioo kikarudi nane.

Hapo wazo likamjia Kwandu. Vipi kama baiskeli imechezewa? Baiskeli ikichezewa, maana yake yeye Kwandu ameshajulikana kuwa ni jasusi. Na jasusi akijulikana, Modestus kwisha habari yake.

Ilibidi ajue.

Alipofika kijiji cha Runazi akakata kona, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka. Mwenye duka, mama wa Kisukuma aitwaye Limi, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu." Limi alimwita mama kwa lugha yake, akamkagua kuanzia juu hadi chini. "Hiyo kaptula umevaa au umepakwa?"

"Ndiyo ya mbio, mama. Betri ya saa ipo? Ile bapa?"

"Ipo. Wenzako wanakimbia, wewe unanunua betri ya saa. Utashinda kweli wewe?"

Kwandu akachuchumaa. Nyuma ya baiskeli, kwenye mkono wa gia, kuna kihisi kidogo kinachotuma namba ya gia kwenye kompyuta ya usukani. Akabadilisha betri yake. Tisa. Akaingia kwenye mipangilio: gia kumi na moja, sawasawa. Akazima, akawasha. Tisa.

Mwisho akaitoa betri kabisa. Kihisi kisicho na betri ni maiti, na maiti hasemi.

Kioo kikaandika nane.

Kisha saba.

Baiskeli imeegemea ukuta, haijaguswa na mtu!

"Mama yangu!" Kwandu alinong'ona.

Haikuwa mbovu kompyuta ile. Ilikuwa inasema kweli tupu, ila inasema gia za baiskeli nyingine. Asubuhi pale boma, fundi Pancras alizikusanya kompyuta zote azitie ramani ya njia. Zote za aina moja, Veltra, zote nyeusi, na akazirudisha kwa kukisia. Kasi haidanganyi wala ramani haidanganyi, hizo kila kompyuta hujipimia yenyewe. Gia peke yake ndiyo hutoka kwenye kihisi. Na kihisi kinasikika hatua chache tu.

Mwenye kompyuta hii alikuwa hapa hapa.

Akatazama kwenye kioo cha kabati la mandazi. Ng'ambo ya barabara, Anold, mmoja wa wale waendesha baiskeli arobaini, amepiga goti, anazungusha pedali kwa mkono, anabonyeza swichi. Anold yule mcheshi! Tangu Biharamulo yuko nyuma ya gurudumu lake, hapiti, habaki. Kwandu alishajisemea, maskini, kijana kanipenda.

Kumbe kapenda kompyuta.

Na mtu mwema akipewa kifaa kisicho chake hupiga kelele mpaka fundi ajute kuzaliwa. Anold hakusema neno.

Kwandu akajikinga kwa mgongo, akabandua mfuniko wa nyuma wa kompyuta. Kadi ilikuwemo. Amekuwa akihangaika kuitafuta, kumbe iko kwenye usukani wake mwenyewe tangu asubuhi! Akaisokomeza kwenye soksi.

"Kituo, hapa Kware. Kadi ninayo. Leteni ambulensi mteremko wa baada ya Runazi."

"Nani ameumia?"

"Bado hajaumia."

Akapanda baiskeli.

Mteremko ulikuwa mkali, vumbi jekundu, mihogo kulia na kushoto, hakuna watu. Mahali pa kumwua mtu. Kwandu hakugeuka nyuma hata mara moja. Angegeuka wa nini, wakati kioo kinamwambia kila kitu?

Saba.

Nane. Anakuja.

Tisa. Kumi.

Kumi na moja!

Kwandu akabana breki zote mbili. Anold akampita kama kichaa, mkono mmoja umenyooka na kisu, akakata hewa mahali ambapo shingo ya Kwandu ilipaswa kuwa. Kwandu akaachia breki, akamfikia, akalipiga teke gurudumu lake la nyuma.

Anold akaruka. Akatua kwenye mihogo kifudifudi.

Alipoinua kichwa, bastola ya Glock iliyokuwa imefichwa kwenye mfuko wa vifaa vya Kwandu ilikuwa inamtazama puani.

"Anayepokea anakujua sura?"

"Dada, mimi nimetumwa tu..."

"Sijakuuliza hilo. Anakujua?"

"Hanijui! Naambiwa nimpe kompyuta mkononi, basi. Mungu wangu, bega langu!"

Kwandu akamfunga pingu za plastiki, akamwacha na watu wa ambulensi. Wala hawakuwa wauguzi wale.

Murukulazo walikuwa wanapiga vigelegele. Kwandu alifika wa kumi na ngapi sijui, hakuna aliyemjali, isipokuwa mtu mnene aliyesimama kando ya Prado. Havyarimana. Pembeni yake, Modestus, amekonda, macho yametazama mbele. Hakumtazama Kwandu hata kidogo.

Kwandu akachomoa kompyuta, akaiweka kwenye kiganja cha mnene.

"Nilimtegemea mwanaume," Havyarimana alisema.

"Mwanaume yuko hoi."

Havyarimana akabandua mfuniko. Akatazama. Akageuza, akatikisa. Patupu.

"Kadi iko wapi?"

"Kwa wenyewe."

Uso wa Havyarimana ukabadilika. "Mshike huyu!" akamkaripia dereva wake.

Modestus akashika. Ila alimshika Havyarimana, kola kwa mkono mmoja na bastola mbavuni kwa mwingine. Wauza maji wawili wakatupa ndoo zao, nao wakatoa bastola. Dakika hiyo hiyo mfanyamagendo mkubwa alikuwa amelala tumbo kwenye vumbi la Murukulazo, anatukana kwa lugha zote anazozijua.

Walipomwondoa, Modestus akakaa chini, akaegemea tairi.

"Ilikuwa na nini kadi yenyewe?"

"Picha yako, mwalimu."

"Nilijua." Akafuta uso kwa kofia. "Tangu asubuhi jamaa ananiambia leo analetewa sura ya msaliti. Ananicheka, ananigonga bega. Nikajua tu ni mimi."

"Na hukukimbia?"

"Ningekimbia, asingekuja. Niambie, nani angemshika?"

Kwandu akachuchumaa mbele yake. Mtu ameendesha gari toka mpakani, kwa mikono yake mwenyewe, kwenda kuonyeshwa kifo chake.

"Umetoka vibaya," alisema mwishowe. "Kwenye picha. Unatafuna hindi la kuchoma, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana."

Modestus alicheka mpaka akakohoa.

Kwandu akageuza baiskeli, akaondoka taratibu akiisukuma, bega juu, bila kutazama nyuma. Watu walisema yule dada ana maringo. Hawakujua kwamba alikuwa analia.