Upanga Ulioandikwa Jembe

Harufu ilianza mchana, saa ambayo bati la ofisi ya Mudrick huwaka kama kikaango: harufu ya damu mbichi, kana kwamba mtu kachinja mbuzi nyuma ya kaunta. Mkewe Asma, aliyemsaidia kufunga mizigo ya kwenda nje ya nchi, alipiga deki, akarudia. Harufu ikabaki.

Kitu kipya ofisini kilikuwa boksi moja, lililorudishwa na forodha. Ndani yake mlikuwa na upanga wa kale wa ukoo wao wa Kolo, ambao Mudrick alikuwa amemuuzia mkusanyaji wa silaha huko Ubelgiji. Silaha ya kale haivuki mpaka bila kibali, na kwa kibali angeulizwa ridhaa ya wenye mali. Hakuwa nayo. Upanga ulitunzwa na Mwanne, mama yake mkubwa, aliyemlea tangu mdogo. Alipolazwa kupasuliwa macho, Mudrick aliuchukua, akaviringisha kipande cha nondo badala yake kwenye kaniki uliyofungiwa. Forodha akawaandikia: jembe kuukuu. Mashine ya ukaguzi ikamuumbua.

Asma hakuambiwa lolote. Alisikia tu chuma kikinolewa, taratibu, ndani ya boksi lililofungwa.

"Unasikia?" alinong'ona.

"Mafundi wa jirani," Mudrick akajibu, ilhali jirani yao aliuza vitambaa.

Jioni, akichambua mlenda jikoni kwao, nyuma ya ofisi, Asma alianguka; na alipoinuka, macho meupe, shingo imekakamaa, alianza kusema kwa sauti nzito ya mzee, kwa Kirangi, lugha ya ukoo wa Mudrick ambayo yeye, mzaliwa wa Tabora, hakuijua hata salamu yake, akirudia swali moja tu huku mbwa wa mtaa mzima wakinyamaza na ile harufu ya damu ikijaa vyumba vyote: nani kaniita jembe?

Mudrick alimpigia simu Mzee Zaidi, mganga wa Kondoa. Kesho yake akafika, na Mama Mwanne yu pamoja naye. Mzee alifukiza ubani, akasoma, jini likacheka. Mzee akasema huyo ni mlinzi wa upanga, na hatarudi kwenye chuma chake mpaka asikie kweli kinywani mwa aliyeuchukua.

Mudrick alitazama sakafu. Alianza na uongo, kwamba alitaka kuupeleka makumbusho. Damu ikamchuruzika Asma puani. Ndipo akasema yote, nondo, Ubelgiji na jembe, asiweze kumtazama aliyemlea.

"Nilijua siku ileile niliyotoka hospitali," alisema Mama Mwanne. "Macho yalikuwa na bandeji, mikono haikuwa nayo. Nikanyamaza, nikakungoja uje mwenyewe."

Mudrick alitamani mama huyo ampige. Mama hakumgusa.

Asma akapiga chafya, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akamuuliza mumewe amefanya nini, na hapo Mudrick akalazimika kuyasema yote upya.

Asubuhi aliwasindikiza wazee kituo cha mabasi. Mama Mwanne alikaa dirishani, upanga umo ndani ya kaniki mapajani mwake. Mudrick aliinama.

"Shikamoo, mama."

Mama Mwanne alitazama mbele, midomo ameifumba.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito kutoka ndani ya kaniki.