Doa Lisilo na Jina

Harufu ilianzia ofisini, alasiri, jua likingali kali. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyoloa, na chini yake kitu kama asali iliyochacha. Mchora ramani alinusa mikono yake, akanusa kikombe cha chai, akainama hadi chini ya meza. Hakuona kitu. Nje kiangazi kilikuwa kimekaza na madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi.

Alikuwa peke yake. Tangu amzike mumewe alizoea kubaki kazini wenzake wakishaondoka, maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwuliza ameshindaje.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya msitu kwa picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Picha zilimwonyesha rangi, lakini hazikumwambia rangi hizo ni nini. Hilo aliambiwa na mrina asali, mwanamke wa rika lake aliyezaliwa msituni humo. Wakikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, mrina asali alionyesha kwa kidole: hapa chemchemi, hapa miti inayochanua kabla ya mvua, hapa nyuki huhamia kiangazi. Ramani ikikamilika, watu wake wangeidai ardhi yao serikalini.

Sehemu moja tu aliikataa, doa la kijani kizito katikati ya msitu.

“Hapo paache, dada. Hatupaiti jina.”

“Kwa nini?”

“Pana mwenyewe. Akiitwa, huitika.”

Lakini kompyuta ilikataa kupokea doa bila jina. Asubuhi ile, akitafuta neno lolote la kujazia, vidole vya mchora ramani viliandika *Chelewa*. Ndivyo alivyomwita mumewe kwa utani, mtu aliyechelewa hata harusi yake mwenyewe. Hakuwa amelitaja jina hilo tangu mazishini. Alilitazama, akaona raha kidogo, akaliacha.

Jioni, alipokuwa akipika, mlango uligongwa. Uligongwa kwa kucha, taratibu, kama alivyogonga mtu mmoja tu duniani.

“Fungua, mke wangu. Nimechelewa kidogo tu.”

Mwiko ulimponyoka. Alijua huyo si mumewe, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemfunika marehemu uso kwa shuka. Hata hivyo alifungua.

Kile kilichoingia kilikaa kwenye kiti cha dirishani, mwanga nyuma yake, uso gizani.

“Umeshindaje leo?” kikauliza.

Akakaa chini, akakisimulia.

Ikawa hivyo kila jioni. Hakikula, hakikunywa, na kiliponyamaza kifua chake kilivuma, mvumo mdogo usiokatika, na kadiri siku zilivyopita mvumo ule ulipanda ukajaa chumba, ukaingia kwenye vyombo na kwenye meno yake, hata akawa anazungumza bila kupumzika, anasimulia hata yale yaliyokwisha kusimuliwa, kwa sababu akinyamaza angeusikia, na akiusikia angelazimika kukubali kwamba hakuna mume aliyewahi kuvuma vile.

Kisha mrina asali akaja ofisini, midomo imemkauka.

“Nyuki wameondoka wote, dada. Chemchemi imebaki matope. Sijawahi kuona.”

Mchora ramani alifungua picha mpya. Pale katikati ya msitu, doa la kijani lilikuwa kijivu, na ukijivu ulikuwa unatambaa kwenda pembeni. Mrina asali alikisogelea kioo cha kompyuta, akasoma jina.

“Nani huyu?” alinong’ona.

“Mume wangu.” Machozi yakamtoka. “Nisamehe. Ananiuliza nimeshindaje.”

Mwenzake hakumfokea. Alimshika mkono. “Futa. Andika: *pameachwa*. Halafu twende kwako kabla jua halijazama.”

Mchora ramani akafuta, akaandika, wakaondoka. Mlangoni kwake mrina asali alisikia mvumo, akarudi nyuma.

“Hao ni nyuki wetu,” alisema kwa sauti ndogo. “Mwenye pale amewabeba, nami siwezi kumtoa. Aliyemwita ndiye wa kumrudisha. Mwambie aende, na jina usilitaje.”

Mchora ramani aliingia peke yake.

“Umeshindaje leo?” sauti ikauliza kutoka kitini.

“Nenda,” akasema.

“Nimekukosea nini?” Ilikuwa sauti ya mumewe hasa, ile ya siku za mwisho, iliyochoka. “Nani atakuuliza mimi nikiondoka, nani atajua ukiugua, nani atakuja kukufunika uso wewe?”

Alifungua mlango wazi, akashikilia kitasa kwa mikono miwili, akasema tena, “Nenda kwako,” na mvumo ukampita usoni, moto kama pumzi, ukatoka ukaelekea msituni.

Kiti kikabaki kitupu. Akakililia kama aliyefiwa upya.

Mvua ziliponyesha nyuki walirudi, doa likawa kijani, na ramani ikapelekwa serikalini. Mrina asali alikuja kuaga.

“Atarudi?” mchora ramani alimwuliza.

“Akiitwa.”

Usiku ule alikaa kitandani. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Jina lilimjia ulimini lenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja, akakibana mpaka midomo ikamwuma.

Nje ya mlango mtu akakohoa, kwa upole, kama mgeni aliyeitwa anayejulisha kwamba yupo.