Kipimajoto Kilichonukia Chai

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alikuwa na kazi mbili: kufagia chumba cha kushonea cha mama yake, na kusema. Hiyo ya kusema hakutumwa na mtu. Kufagia kulikuwa na masharti: viatu miguuni, fagio kwanza, kisha sumaku ipitishwe sakafuni iokote pini na sindano zilizoanguka.

Jumatatu aliona sumaku itamchelewesha, na viatu vilikuwa mbali, chini ya kitanda. Akafagia pekupeku. Kipande cha sindano ya cherehani kikamwingia kisiginoni. Alikichomoa, akakitupa, akanyamaza. Angesema, angepelekwa hospitali kudungwa, na huyu binti aliyejigamba mtaa mzima kwamba haogopi hata mbwa wa jirani, sindano ya hospitali ilimtoa jasho akiiona tu.

Jumatano kisigino kilivimba. Alhamisi asubuhi alitetemeka kwa baridi na jua linawaka, moyo ukimwenda mbio, na ajabu kuliko yote, hakuwa na la kusema.

"Leo umenyamaza?" mama alishtuka. "Basi unaumwa. Weka kipimajoto kwapani."

Mama alipogeuka kuzima pasi, Kidomo akakitumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha chai iliyopoa. Kilipolia, akamkabidhi mama kwa adabu zote.

"Thelathini na mbili nukta tano," mama akasoma. "Mwanangu, kwa joto hili ungekuwa umeshazikwa. Na tangu lini kwapa likanukia chai?"

Akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Fundi cherehani hahitaji kuambiwa pasi imeshika moto. Akafunga mlango, akambeba mgongoni mpaka hospitali, ingawa miguu ya Kidomo ilikuwa karibu kuburuzika chini.

"Una kidonda popote?" daktari akauliza.

"Hapana," Kidomo akajibu, huku akiuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

Dada wa maabara akaja kumtoa damu. Kidomo akafumba macho na kupiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wodi ya pili.

"Bado sijaanza," dada alisema. "Hiyo ni pamba."

Majibu yalipotoka, daktari alirudi amekaza uso. "Binti, wewe umekataa kusema, lakini damu yako imesema. Kipimo kimoja kinaonyesha mwili unapigana na vijidudu. Cha pili, kinaitwa lakteti, kinaonyesha mwili umeanza kuzidiwa. Vijidudu vimepita wapi?"

Kidomo akamtazama mama. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa bado unaning'inia shingoni mwake, na midomo ilimtetemeka. Hapo Kidomo aliogopa kweli, na si sindano tena. Aliogopa kufa.

"Kisiginoni," akasema huku akilia. "Nilifagia pekupeku. Sumaku sikuipitisha. Na kipimajoto nilikitia kwenye chai."

"Chai nilishaijua," mama akasema.

Daktari alimwanzishia dawa na dripu papo hapo, akasafisha kidonda na kutoa ncha ya sindano iliyobaki ndani. Kisha akamwambia mama waziwazi kwamba kama wangesubiri hadi kesho, huenda wangempoteza. Mama akasogeza benchi hadi kando ya kitanda.

Jioni dada wa maabara alirudi kupima tena. Safari hii Kidomo alinyoosha mkono mwenyewe, akafumba jicho moja tu.

"Damu inasemaje?" akauliza baadaye.

"Lakteti imeshuka. Inasema dawa inafanya kazi."

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, sindano ilikuchoma mara moja. Kilichotaka kukuua ni kule kuficha. Ukiumia, sema. Hata kama umekosa, sema. Nitakugombeza, lakini utakuwa hai."

Siku hizi Kidomo hufagia amevaa viatu, na sumaku huipitisha mara mbili. Juzi alipiga kelele, "Mama! Pini!"

Mama akaacha cherehani, akaja mbio. "Imekuchoma wapi?"

"Bado," Kidomo akajibu, akiionyesha kwa kidole. "Lakini imeniangalia vibaya."