Chumba cha Kumi na Moja

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Afande Olweny alipuliza filimbi mbele ya choo.

"Mstari mmoja," alisema. "Mwenye subira kushoto, mwenye haraka kulia."

Wote walikwenda kulia.

Olweny alikuwa sajenti wa polisi. Alipostaafu alijenga kwenye kiwanja chake Kisugu. Alijenga nyumba yake, na kando yake vyumba sita vya kupangisha, vimepangwa kwa safu. Vyumba kama hivyo watu wa Kampala huviita mizigo. Mwanzoni havikuwa mzigo kwa mtu. Kila chumba kilikuwa na mlango na dirisha. Ofisi ya divisheni ya jiji ilikuwa imepitisha ramani. Nje kulikuwa na choo cha milango miwili.

Lakini watu walizidi kuja. Wengi walikuwa jamaa za askari wenzake kutoka kaskazini, na Afande hakujua kumkatalia mtu. Alinunua mbao nyembamba za plaiwudi, akagawa vyumba vinne katikati. Sita vikawa kumi. Mlango mmoja wa choo aliufunga kwa kufuli, ndani akaweka mabati na misumari yake. Kufikia Pasaka, watu arobaini na mmoja walikuwa wakiamka na kuutazama mlango mmoja.

"Tumejaa," mkewe Ayot alimwambia.

"Kambini tulijaa zaidi ya hivi, Mama Lakica. Na hakuna aliyekufa."

"Ulikuwa ukilalamika kila siku."

"Nilikuwa kijana."

Baada ya Pasaka alikuja Okidi, mtoto wa binamu yake. Okidi alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja huko Kisenyi. Alihitaji tu mahali pa kulala mchana. Afande alizunguka kiwanja mara mbili. Mwishoni alisimama kwenye njia, kati ya geti na chumba cha mwisho. Ilikuwa njia pana. Ilimuuma kuona nafasi imekaa bure.

Alimwita Khisa. Huyu alikuwa fundi wa ujenzi, na yeye na mkewe Phelister ndio waliopanga chumba hicho cha mwisho.

Khisa alipima, kisha akajikuna kichwa. "Afande, hapa ni njia. Na chumba hiki kitaziba dirisha langu."

"Una mlango. Mlango ni mkubwa kuliko dirisha."

"Watu watapita wapi?"

"Watapita kwa ubavu. Nyinyi raia hamna mazoezi."

Nani atabishana na mwenye nyumba? Khisa alijenga. Kwa mikono yake mwenyewe aliziba dirisha lake kwa mbao na mabati. Phelister, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alikaa kitandani akiona mwanga unapungua kidogo kidogo, hadi msumari wa mwisho.

"Khisa, unafanya nini?" aliuliza gizani.

"Kazi," Khisa alijibu kutoka nje.

Tangu siku hiyo Phelister aliwasha taa mchana. Ukuta uliota ukungu. Nguo zilizooshwa Jumatatu zilivaliwa mbichi Alhamisi. Khisa alianza kukohoa, na mtu wa upande wa pili wa plaiwudi akawa anamjibu kwa kikohozi chake. Umeme nao ulikuwa na vituko. Waya mmoja ulitoka nyumbani kwa Afande, ukapita juu ya vyumba vyote kumi na kimoja. Mtu wa chumba cha tatu akipiga pasi, chumba cha nane kiliingia gizani, na waya ukawa moto kama chapati.

Mwezi wa sita, mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, alileta habari. Afisa afya wa divisheni angepita Alhamisi kukagua vyumba. Jina lake Nabilah. Afande alimfahamu vizuri, kwa kuwa alikaa ng'ambo ya barabara, na familia yake ilikuwa Kisugu kabla ya barabara yenyewe.

Alhamisi asubuhi Afande aliwakusanya wapangaji. "Leo kila mtu aende akamtembelee ndugu yake," aliamuru. "Rudini saa kumi."

"Ndugu yangu yuko chumba cha saba," mmoja alisema.

"Basi nendeni pamoja."

Kiwanja kikabaki kimya. Tatizo lilikuwa Okidi. Alikuwa ametoka kazini alfajiri na sasa amelala kama gogo. Afande alimtikisa, akamwita, akampulizia filimbi sikioni. Okidi aligeukia ukutani. Basi Afande alitundika blanketi juu ya mlango wa chumba cha kumi na moja, akaweka kiti mbele yake, akakaa na gazeti.

Nabilah aliingia na daftari. Aliingia kwa ubavu.

"Habari ya asubuhi, Afande. Mama hajambo?"

"Hajambo, binti yangu. Karibu. Kama unavyoona, vyumba sita, watu wachache, hewa safi."

Nyuma ya blanketi, Okidi alianza kukoroma.

"Hiyo ni nini?" Nabilah aliuliza.

"Jenereta."

Mkoromo ulipanda, ukashuka, ukakatika. Kisha sauti nzito ya mtu anayeota anakula ugali ikasema, "Mama, niongezee posho."

Nabilah aliandika kitu kwenye daftari. "Siku hizi jenereta zinatumia posho?"

Afande alikunja gazeti. Alimwona Nabilah akifunua blanketi, akichungulia chumba cha Khisa, akifuata waya kwa macho, akigonga plaiwudi kwa kidole, na mwisho akisimama mbele ya kufuli la choo. Alipomaliza, hakukaripia. Aliomba kiti akakaa.

"Afande, ulipokuwa barabarani, ukikuta gari la abiria kumi na wanne limebeba ishirini na watano, ulifanya nini?"

"Nililikamata."

"Dereva alisemaje?"

Afande alikohoa. "Alisema hakuna aliyekufa."

"Hapa ni hivyo hivyo," Nabilah alisema. "Sikiliza. Watu wakibanana chumba kisicho na dirisha, hewa haitoki. Mmoja akiwa na kifua kikuu, anawapa wengine. Khisa anakohoa. Aende kituo cha afya apimwe, na jirani yake pia. Pili, huu waya mmoja. Umebebeshwa kazi ya nyaya kumi. Siku ukiwaka, plaiwudi itashika kama karatasi. Na hapo ndipo swali kubwa linakuja. Moto ukiwaka, watu arobaini watakimbilia wapi?"

"Getini."

"Kwa ubavu?"

Afande aligeuka kuitazama njia.

"Ramani yako ya kwanza ilikuwa nzuri," Nabilah aliendelea. "Nimeiona ofisini. Lakini ruhusa ya vyumba sita si ruhusa ya kumi na kimoja. Ukitaka kuongeza chumba au kugawa, unaleta mchoro kwanza, unakaguliwa, ndipo unajenga. Nakupa ilani ya wiki mbili. Bomoa hiki kilichoziba njia. Fungua choo cha pili. Vyumba vingine tutapanga pamoja."

"Na watu? Niwatupe barabarani?"

"Nani kasema uwatupe? Ukimfukuza mtu leo, kesho atabanana kwa mwingine. Wape muda, wasaidie kutafuta. Anayehama, usiweke mwingine mahali pake. Polepole vyumba vitapungua."

Jioni Afande hakugusa chakula. "Kuna mtu amenishtaki," alimwambia mkewe. "Nikimjua huyo mtu."

Ayot aliendelea kumega tonge lake la posho. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Nilikwambia tumejaa, ukaniambia habari za kambi. Nikaenda kwa anayesikia."

Afande aliinuka akatoka nje kukitazama chumba chake. Aliamua kugoma. Siku tisa zilipita na chumba cha kumi na moja kikabaki pale pale. Alikuwa anaandaa barua ndefu ya kujitetea. Alikuwa amefika kwenye maneno "Mimi kama mtumishi wa sheria" aliposikia watu wanaitana nje.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Phelister alikuwa ameshikwa na uchungu. Gari la kukodi lilikuwa limefika getini na dereva anapiga honi. Khisa alimshika mkewe mkono wakaelekea njiani. Wakafika kwenye kona ya chumba cha kumi na moja, wakasimama.

Wiki iliyopita Phelister alikuwa bado anapita. Wiki hii tumbo lilikataa. Alijaribu kwa ubavu wa kulia. Alijaribu kwa ubavu wa kushoto. Alijaribu kutangulia kwa mgongo. Kisha uchungu ukamshika tena, akaegemea ukuta na kufumba macho. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mkalisheni kwenye kiti, tumbebe," mtu alisema.

Walimkalisha. Kiti nacho hakikupita.

"Tumpitishe juu ya ukuta," mwingine alisema.

Phelister alifumbua jicho moja. "Nani anapitishwa juu ya ukuta?" aliuliza polepole. Yule mtu akarudi nyuma.

Afande alisimama pale na kalamu mkononi. Maisha yake yote alikuwa amefungua njia kwa ajili ya misafara ya wakubwa. Sasa alimtazama mwanamke huyu aliyefungiwa na mabati yake, akaona aibu iliyompanda hadi masikioni. Alitupa kalamu, akachukua nyundo ya Khisa, akang'oa mlango wa chumba cha kumi na moja.

Okidi aliketi kitandani na blanketi kichwani. "Afande, ni tetemeko?"

"Toka. Shika upande wa kulia wa kiti. Mama anazaa."

Okidi alitoka kama alivyo, na soksi moja. Afande alipiga nyundo. Khisa alijua kila msumari alipoupigilia, naye akawa anaelekeza: "Hapo chini, Afande. Sasa juu. Huo vuta." Mabati yalianguka kwa kishindo, mbao zikafuata. Kwa dakika chache njia ilikuwa wazi. Walimbeba Phelister juu ya kiti hadi kwenye gari, Ayot akapanda naye, na dereva akaondoka.

Saa saba mchana Ayot alipiga simu. Mtoto ni wa kike, mama mzima. Mkunga alikuwa amesema wangechelewa kidogo tu, mtoto angezaliwa njiani. Afande alisikiliza, akakata simu, akakaa juu ya rundo la mbao. Ile barua hakuimaliza. Alichukua ufunguo akaenda kufungua kufuli la choo.

Kesho yake alivuka barabara mwenyewe kwa Nabilah. "Binti yangu," alisema, "nieleze tena. Sasa nasikia."

Haikuwa kazi ya siku moja. Okidi alihamia kwa mlinzi mwenzake aliyekuwa na chumba kikubwa karibu na kazini. Wengine walipata vyumba Namuwongo na Kabalagala, Afande akawatafutia kwa simu za marafiki wa polisi. Kila mmoja alipohama, Khisa alitoa plaiwudi. Fundi wa umeme mwenye kibali aling'oa ule waya na kuweka nyaya mpya, kila chumba na swichi yake. Khisa na jirani yake walipimwa. Jirani alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa mapema. Khisa alikuwa na kikohozi cha ukungu tu, na dirisha lake lilipofunguliwa, kikaisha. Hadi Krismasi vyumba vilikuwa sita, na asubuhi hapakuwa na mstari wa kusimamia. Afande alikosa kazi kwa muda, akaanza kulala hadi saa moja.

Siku moja Mzee Faizal, mwenye duka la jirani, alikuja na futi ya kupimia. Naye alikuwa na vyumba vya kupangisha. Tumbo lake lilimtangulia hatua mbili.

"Afande, niazime huyo fundi wako," alisema. "Nina nafasi nzuri njiani. Nataka kuweka chumba kimoja kidogo."

"Njia itabaki upana gani?"

"Wa kutosha. Mtu atapita kwa ubavu."

Afande aliingia ndani akatoka na kiti. Alimwita Khisa. Wakaenda wote watatu hadi kwa Faizal, na hapo Afande akachora mstari chini kwa chokaa, pale ukuta ungesimama. Kisha akaweka kiti chini.

"Kaa."

"Kwa nini?"

"Leo wewe ndiye mjamzito. Tunakupeleka hospitali, na ukigusa chokaa, mtoto ana shida."

Faizal alicheka, akakaa. Walimnyanyua kwa taabu. Hatua ya tatu kiti kilikwama kati ya ukuta na mstari wa chokaa. Wakamgeuza, akakwama upande mwingine. Mkewe, Bi Farhana, alitoka dukani, akauliza mumewe anaumwa nini. Alipoelezwa alikaa kizingitini akacheka hadi akafuta machozi kwa mtandio.

"Msimshushe," alisema. "Muulizeni kwanza anajisikiaje."

Faizal alitazama chokaa kwenye viatu vyake. Alitazama geti lilipo, mbali.

"Nishusheni," alisema. "Kesho nakwenda divisheni kuuliza habari za ruhusa."